Babu alikuwa mfua nini? Mwongozo wa kusoma majina ya kazi za zamani katika karatasi za ukoo

Nyumbani kwetu Amu, yaani Lamu, ilijulikana tangu sijazaliwa kwamba babu yake babu alikuwa mfua fedha. Ushahidi ulikuwa mitali miwili (bangili za miguuni) ya bibi mkuu, iliyofungwa kitambaani ndani ya kasha, na karatasi moja ya khati za Kiarabu yenye jina la mzee na, mbele ya jina, neno moja la kazi. Ami yangu alilisoma "mfua", mitali ikawa hapo hapo mkononi, basi kesi ikafungwa. Kila harusi hadithi ilirudiwa, na kila iliporudiwa fedha iliongezeka.

Nilipoitazama karatasi ile mwenyewe niliona herufi nne: mimu, fa, wau, alifu. Hakuna fedha hapo. Na kwa herufi hizo hizo unaweza kusoma mfua au mvua, maana waandishi wetu wa zamani waliitumia fa kwa sauti zote mbili. Mvua ni mtu wa kuvua samaki. Mfua naye anaweza kuwa mtu wa kufua fedha, wa kufua chuma, wa kufua nguo au wa kufua nazi. Watu watano ndani ya neno moja, na sisi tulikuwa tumemchagua yule aliyetupendeza.

Nitaeleza njia niliyoipita hadi nikajua ni yupi kati ya hao watano, pamoja na mitego niliyokutana nayo katika karatasi nyingine za hapa Lamu na za jamaa zetu wa Malindi.

Kwanza: nakili neno lilivyo, na majirani zake

Usitafsiri wala usisahihishe. Chukua daftari, andika neno kama lilivyo, kisha andika maneno matano ya kabla yake na matano ya baada yake. Kama ni khati za Kiarabu, chora hata nukta. Piga picha karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukitokea ubavuni, si kwa taa ya simu. Taa hufuta wino mwembamba na kuziba alama za kalamu. Piga na upande wa nyuma. Mara nyingi mgongoni mwa karatasi kuna hesabu ya nazi au ya boriti ambayo itakufaa kuliko maandishi ya mbele.

Karatasi za kutafuta ni zipi? Hati za mauzo ya nyumba na mashamba, vyeti vya ndoa na talaka vya kadhi, wosia, hati za wakfu, risiti za forodha, barua za nahodha kwa mwenye mali. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa pwani walete madai ya mashamba na viwanja vyao, na ndani ya madai hayo mna majina, mipaka, mashahidi na mara nyingine kazi zao. Ripoti za wakuu wa wilaya wa zama za ukoloni utazikuta katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, kwenye lile jengo la zamani la benki katika Moi Avenue. Lakini anza na kasha la nyumbani. Mtu anapanda basi kwenda Nairobi na karatasi iko chini ya godoro la shangazi yake.

Pili: jua nani aliandika, na kwa lafudhi gani

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Karani wa Kihindi wa forodhani, mwandishi wa kadhi na bwana Mwingereza wa ofisi ya wilaya walimwita mtu yule yule kwa majina matatu. Karani huandika jina la malipo: kuli, hamali. Mwandishi wa kadhi huandika jina la heshima au la ukoo, na kazi huitaja ikibidi tu. Mwingereza alikuwa na neno moja la "mlimaji" na akawatia wote humo, mwenye minazi mia tano na kijana anayempalilia, pamoja na mvuvi aliyekuwa na kipande cha mtama. Ukiona babu ni mlimaji katika karatasi ya Kiingereza, umejua tu kwamba hakuwa karani.

Halafu kuna khati zenyewe. Kiswahili cha herufi za Kiarabu kina tabia zake. Sauti p mara nyingi huandikwa kwa ba, ndiyo maana katika daftari moja nilikuta mtu aliyetajwa kuwa "mbishi" na kulipwa kila mwezi. Nilicheka, nikasema kweli Amu kuna kila kazi, mpaka nilipokumbuka kwamba alikuwa mpishi. Sauti g huazima ghaini, kwa hiyo mgema atakuja kama "mghema". Herufi n kabla ya d au g huachwa: fundi huandikwa "fudi". Na barua za biashara, tofauti na tendi, mara nyingi hazikutiwa irabu, kwa hiyo msomaji ndiye anayezitia, na kila msomaji hutia anazozitaka.

Juu ya hayo, mwandishi aliandika alivyosema. Kiamu kina t pale ambapo Kiswahili cha shule kina ch: tukasema mato, kitwa, kutukua. Basi "mtukuzi" ni mchukuzi wa mizigo. Na "mtunga" asikupeleke moja kwa moja kwenye mashairi, kwani kutunga kwetu ni kuchunga pia. Tazama kama mbele yake kuna ng'ombe, mbuzi, shanga au beti. Vivyo hivyo y mahali pa j: moya, kuya. Ukiwa umekulia Nairobi na Kiswahili cha darasani, soma neno kwa sauti mbele ya mtu mzima wa Lamu. Sikio lake litalitambua kabla jicho lako halijamaliza.

Tatu: weka tarehe, hata kama haikuandikwa

Karatasi nyingi zina mwaka wa Hijria. Hesabu ya haraka: gawanya mwaka kwa 33, ondoa jawabu katika mwaka wenyewe, kisha jumlisha 622. Karatasi yetu ni ya 1325. Ukigawanya kwa 33 unapata 40. 1325 ukiondoa 40 ni 1285. Ongeza 622, ni 1907. Inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, basi ukitaka siku kamili tumia jedwali.

Pasipo tarehe, tazama sarafu. Reale peke yake huashiria karne ya 19. Rupia na pesa hufika hadi 1920, na shilingi inaingia 1921. Tazama na cheo cha mkubwa aliyetajwa: ukimwona liwali au mudiri anatoa amri, uko katika enzi ya Sultani wa Unguja au ya Waingereza walioukodi ukanda wa pwani kutoka kwake tangu 1895 hadi uhuru wa 1963.

Tarehe si pambo. Neno lile lile hubadilika kazi kwa kipindi. "Askari wa gereza" wa miaka ya 1850 hakufunga wafungwa. Gereza lilikuwa ngome, hii hii inayotazama mraba wa soko letu, iliyomalizwa mwanzoni mwa miaka ya 1820 na kukaliwa na askari wa Sultani. Waingereza ndio walioifanya jela. Babu wa kwanza alikuwa mlinzi wa mji, babu wa pili bawabu wa jela, na karatasi zao zinasema maneno yale yale.

Nne: vunja neno, utafute kitenzi chake

Majina mengi ya kazi ya Kiswahili ni kitenzi kilichovishwa m-, kisha kitu kinachotendwa. Mkata boriti, mchoma chokaa, mshona kofia, mpiga mbizi, mkwezi. Waandishi hawakuwa na haja ya kutaja kitu, kwa kuwa aliyesoma karatasi alimjua mwenye kazi. Sisi ndio tusiojua. Kwa hiyo andika kitenzi, kisha orodhesha vitu vyote vinavyoweza kutendwa nacho katika mji ule, wakati ule.

Nilifanya hivyo kwa kufua. Kufua nguo: Lamu ya 1907 ilikuwa na madobi, na dobi aliitwa dobi. Kufua chuma: mhunzi. Kufua fedha: palikuwa na masonara wa Kihindi na mafundi wetu pia. Kufua nazi ni kuondoa makumbi kwa kifuo, ile nondo au mti wa ncha uliosimikwa ardhini. Mfuaji huishika nazi kwa mikono miwili, huitia nguvu nchani, huzungusha, na makumbi hung'oka. Mara tatu, nazi iko uchi. Mtu mzoefu hamalizi pumzi moja kwa nazi moja.

Maneno yasiyovunjika kwa kitenzi cha Kibantu mara nyingi ni ya wageni wetu, nayo hukuonyesha biashara ilikotoka. Nahodha, sarahangi na rubani ni maneno ya bahari ya Hindi nzima. Dobi na bepari yalikuja na Wahindi. Wakili, dalali, hamali na katibu ni ya Kiarabu. Kwa kamusi, tafuta zile kongwe. Ya Krapf, iliyochapwa London 1882, imejaa maneno ya Mombasa ya katikati ya karne ya 19, na maelezo yake ni marefu kama soga. Ya Johnson ya 1939 ni kavu zaidi lakini imepangwa vizuri. Kamusi za leo zinafaa kwa jambo moja tu hapa, nalo ni kukuonyesha maana imehama umbali gani.

Tano: usimhukumu babu kwa maana ya leo

*Bepari.* Leo ni mnyonyaji wa magazetini. Mwaka 1900 alikuwa mfanyabiashara tu, na kuandikwa bepari ilikuwa sifa.

*Mwenye chombo, fundi wa vyombo.* Jamaa mmoja wa Malindi aliniandikia kwamba babu yake alikuwa akitengeneza sahani na masufuria. Chombo kilikuwa jahazi, dau, mtepe, chochote kinachokwenda baharini. Fundi wa vyombo aliunda majahazi, kama wanavyofanya hadi leo Matondoni. Na angalia tofauti ya mwenye chombo na nahodha: wa kwanza ana mali, wa pili ana usukani. Mara nyingine ni mtu mmoja, mara nyingi si mmoja. Sarahangi yuko chini ya nahodha, akiwasimamia mabaharia, na rubani ni yule anayejua mlango wa bahari na miamba yake.

*Wakili.* Usimvishe joho la mahakama. Alikuwa mtu anayesimama badala ya mwingine katika kuuza, kuoza au kudai. Mvuvi angeweza kuwa wakili wa dada yake kwa asubuhi moja, na karatasi ikamhifadhi hivyo milele.

*Kibarua.* Ni barua ndogo. Ilikuwa kile kikaratasi cha kazi ya kutwa, kisha jina likamganda mwenye kukishika. Katika karne ya 19 wengi wa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Kwa hiyo ukikuta kibarua kabla ya 1907, mwaka utumwa ulipofutwa kisheria pwani yetu, uliza alikuwa kibarua wa nani.

*Kariakoo.* Bibi akisema "alikwenda Kariakoo, hakurudi", hasemi habari za soko la Dar es Salaam. Ni kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, na jina la soko lenyewe limetoka huko.

*Mkata boriti.* Hili halikubadilika sana, lakini lina undani. Miti ya mikoko huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kila unene una jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Karatasi ikitaja "korija tatu za mazio", umejua kazi hata kama haikuandikwa. (Ndiyo miti inayobeba dari za nyumba zetu za mawe, na ndiyo sababu vyumba vyetu ni vyembamba na virefu, boriti ndiyo inayoamua upana.)

Mwalimu alikuwa wa chuo, yaani wa Kurani. Mgema hakuwa mlevi. Tembo tamu liliumua vitumbua vya watu wacha Mungu.

Sita: kazi za mashambani, na lile neno tusilolitaja

Katika karatasi za mashamba ya Malindi, ambako katika nusu ya pili ya karne ya 19 mtama na ufuta ulilimwa kwa nguvu za watumwa, utakutana na maneno matatu: msimamizi, nokoa, kadamu. Hayo ni ngazi. Msimamizi yuko juu, nokoa chini yake, kadamu chini ya nokoa. Nokoa na kadamu kwa kawaida walikuwa watumwa wenyewe, waliopewa amri juu ya wenzao. Mjukuu anayejivunia kwamba babu "alikuwa mkubwa wa shamba" huenda anasema kweli mbili kwa wakati mmoja.

Mzalia si kazi, ni mtumwa aliyezaliwa pwani. Mjakazi ni mwanamke mtumwa. "Huru wa fulani" ni aliyeachwa huru na huyo fulani. Jina lisilo na "bin", likifuatwa na "wa" na jina la mtu mwingine, nalo linakupa ishara hiyo hiyo. Lakini ishara si hukumu. Waandishi wavivu waliacha "bin" za watu huru pia.

Hapa kwetu jambo hili haliulizwi barazani. Nimeona kijana akisoma karatasi kwa sauti mbele ya wageni, akafika neno mzalia, na kikao kikavunjika bila mtu kusema kitu, kila mmoja akakumbuka sala. Ukilipata neno kama hilo, mtafute mkubwa mmoja wa familia, peke yake, baada ya alasiri. Mwonyeshe, kisha nyamaza. Akitaka liandikwe, andika. Akikataa, hifadhi nakala kwa ajili ya wanao, wala usibadilishe neno likawa "mfanyakazi". Huyo mtu alifanya kazi maisha yake yote bila kulipwa. Kumnyang'anya na jina la hali yake ni kumdhulumu mara ya pili.

Saba: uliza vyombo na vidole, si kumbukumbu tu

Ukienda kwa mtu mzima na swali "babu alikuwa na kazi gani?", utaletewa kazi ya heshima. Uliza vitu. Alikuwa akirudi nyumbani saa ngapi? Nguo zake zilinuka nini? Mikono yake ilikuwaje? Nani alimletea chakula, na wapi?

Nilikwenda kwa bibi mmoja wa mtaani, jirani wa zamani wa ukoo wetu. Nilibisha hodi, nikamwamkia, akaniambia, "Ndoo, keti," yaani njoo, keti. Sikutaja fedha wala nazi. Nilimwuliza tu nini alichosikia kwa mama yake juu ya nyumba yetu. Akasema nyumba ile ilikuwa haina ruhusa ya kupita uani pekupeku, kwa sababu ya makumbi. Makumbi yalikuwa mpaka dirishani. Wanawake wa mtaa walikuja kuyachukua wakayafukie ufukweni, yaoze, wasokote kamba.

Mhunzi ana masizi, mfua fedha ana moto mdogo na mizani. Makumbi mpaka dirishani ni ya mtu mmoja tu.

Tumia nafasi hiyo hiyo kuuliza kazi za wanawake, kwa sababu karatasi haziziandiki. Msuka ukili, mkunga, kungwi, msusi, mpika mikate ya kuuza alfajiri, mshona kofia za vito aliyetia tundu elfu kwa sindano mchana kutwa: wote katika hati ni "mke wa" au "binti wa". Bibi mkuu wangu hana kazi katika karatasi hata moja, na mitali ile, nimekuja kuambiwa, aliinunua kwa pesa za ukili.

Nane: rudi kwenye karatasi, kisha andika kiwango cha uhakika

Baada ya makumbi nilirudi kwa majirani wa neno. Mistari miwili chini palikuwa na "kwa kila mia", na mgongoni mwa karatasi pana vijiti vya hesabu, vitano vitano. Samaki hawahesabiwi kwa mamia namna hiyo, wala nguo. Hati yenyewe ilikuwa mapatano na mwenye shamba la minazi: mzee afue, mwenye shamba apate nazi za kukausha mbata, malipo kwa kila mia. Tulikuwa tumeihifadhi miaka yote bila kuisoma mpaka mwisho, kwa kuwa neno moja lilitosha kutufurahisha.

Ninapoandika kazi katika daftari la ukoo hutumia safu nne: neno lilivyo, usomaji wangu, ushahidi, na uhakika. Uhakika nauandika kwa maneno matatu tu: hakika, yaelekea, yawezekana. Hakika hudai ushahidi wa aina mbili zisizotegemeana, mfano karatasi na kitu, au karatasi na mdomo wa mtu asiyeiona karatasi. Yule bibi hakuwahi kuiona yetu, ndiyo maana neno lake lilikuwa na uzito. Ami, aliyeisoma na kuihadithia miaka arobaini, kwa daftari hili ni shahidi mmoja na karatasi yake.

Basi ukurasa wa mzee unasomeka hivi:

*Neno:* mimu-fa-wau-alifu, mstari wa pili, 1325 (1907).
*Usomaji:* mfua nazi.
*Ushahidi:* malipo kwa kila mia, hesabu mgongoni, makumbi uani (mdomo, jirani, Langoni), kifuo cha chuma, kimetumika kuwa kigingi cha punda, bado kipo.
*Uhakika:* hakika.

Ami nilimpelekea ukurasa huo mwenyewe, mkononi. Aliusoma mara mbili, akavua miwani, akauliza kama ni lazima jambo hili lifike kwa wakwe.